Courtyard, Fairfield, Residence Inn: tofauti ni nini?

Uyole_Juu: Wakuu, tunapeleka watu wanne kutoka Mbeya kwenye mafunzo ya wiki mbili Marekani. Mwenyeji katuletea hoteli tatu, zote za Marriott, bei zinakaribiana. Tuchague ipi?

MtuWaForest: Residence Inn, mkuu, bila kusita. Chumba kina jiko kamili: friji, maikrowevu, plate za kupikia, sufuria na vyombo. Ugali mnasonga wenyewe. Chai ya asubuhi imo kwenye bei. Fairfield nayo inatoa chai bure, ila chumbani hakuna pa kupikia. Courtyard ndiyo inayowaponza wengi: bei inavutia, kumbe chai kwa kawaida inanunuliwa. Piga hesabu ya watu wanne kwa asubuhi 14.

Kihesa: Naongezea. Marriott ilinunua Protea, kampuni ya hoteli ya Afrika Kusini, 2014 na Starwood, wenye Sheraton na Westin, 2016. Ndiyo maana majina ya hoteli zake yamezidi 30. Majengo mengi ni ya wamiliki wengine wanaotumia jina tu, kwa hiyo hali hutofautiana. Fungua ukurasa wa hoteli husika, soma kipengele cha kifungua kinywa na dhamana inayozuiwa kwenye kadi mnapofika.