Kubonyeza "Nakubali" ndiko kukubali?

Nauleta hapa mjadala uliotushinda jana usiku Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu, kuhusu masharti ya WhatsApp. Ami yangu, nahodha mstaafu ambaye siku hizi hupokea wageni wa mashua kwa simu, alisema maneno yaliyowaingia wengi: "Hakuna aliyekushika mkono. Umesoma masharti, hukusoma, ni wewe uliyebonyeza 'Nakubali'. Hupendi, toka." Ami ni mkubwa wangu na namheshimu. Kwa hili sikubaliani naye.

Nitoke niende wapi? Habari za misiba zimo humo. Oda za samaki zimo humo, mwalimu wa watoto yumo humo, na hao wageni wa ami wamo humo humo. Atakayejitoa hapa Lamu atasikia habari za maziko watu wakiwa wamesharudi makaburini.

Januari 2021 WhatsApp iliwatangazia watumiaji masharti mapya, wakitakiwa wayakubali kufikia tarehe 8 Februari. Watu wakapiga kelele dunia nzima, tarehe ikasogezwa hadi 15 Mei. Lakini Ulaya, ambako kuna sheria kali ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika 2018, kampuni ilisema masharti hayo hayabadilishi namna inavyogawana data na Facebook, kampuni inayoimiliki. Programu ni ile ile. Aliyeko Ulaya ana sheria inayoogopwa, nasi je?

Tusimsingizie mtu: ujumbe wenyewe umefungwa kwa siri, anayeusoma ni aliyeutuma na aliyetumiwa. Yanayokusanywa ni ya pembeni: nambari yako, aina ya simu, unaingia lini na mara ngapi. Wengine huyaona madogo. Mimi siyaoni madogo. Mtu akijua tu kwamba umempigia daktari mara nne usiku mmoja, hana haja ya kusikia mliyozungumza.

Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela alinijibu kwamba huduma ni ya bure, basi hao nao lazima walipwe kwa kitu. Hoja yake ina uzito. Ila nyumba zetu za kale zinatufundisha vingine. Mgeni, hata akija na zawadi, hupiga hodi na kukaa dakani, yaani barazani mlangoni, mpaka aitwe. Mlango umepangwa hivi kwamba mpita njia asione kiwandani, yaani uani, seuze vyumba vya ndani. Zawadi yake anashukuriwa kwayo, wala haimpi ruhusa ya kufungua makabati. Na huko Ulaya Meta, jina la sasa la kampuni ya Facebook, walijaribu kuwaambia watu: lipa kila mwezi, au kubali data zako zitumike kwa matangazo. Aprili 2025 Tume ya Ulaya ikawatoza faini ya euro milioni 200, kwa kuwa uchaguzi wa namna hiyo haukuwa uchaguzi wa kweli.

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni nzuri kwenye karatasi. Inataka ridhaa iwe wazi, ya hiari, na mtu awe ameelezwa. Inasema pia kwamba katika kupima kama ridhaa ilikuwa ya hiari, itazamwe kama huduma ilifungwa kwa sharti la kutoa data isiyohitajika kwa huduma hiyo. Ami, hilo ndilo jibu lako, limo katika sheria ya Kenya.

Lakini fungua sehemu ya adhabu. Faini ni hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, na kinachofuatwa ni kiwango kilicho kidogo. Ulaya kwa makosa mazito ni hadi euro milioni 20 au asilimia 4, na kinachofuatwa ni kilicho kikubwa. Kwa duka la hapa mtaani Langoni milioni 5 ni kufilisika. Kwa kampuni yenye watumiaji mabilioni hata si bei ya kiti cha ofisini.

Mimi nataka wabunge wetu walibadilishe neno hilo moja, "kidogo" liwe "kikubwa". Wenye rai ya ami, nijibuni hapo: mnalitetea neno hilo kwa sababu gani?