Nimeambiwa kompyuta yangu inatuma barua taka, nifanyeje?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Kampuni inayonipa intaneti imeniandikia kwamba laini yangu inatoa barua taka kwa wingi. Kompyuta naitumia kuandika na kufanya miamala ya benki tu. Ila wiki mbili sasa feni inavuma hata nisipofungua kitu, na kurasa za antivairasi zinagoma wakati nyingine zote zinafunguka. Nimeskani mara mbili, inasema safi. Naomba msaada kabla sijakatiwa.

Mchangiaji 1: Pole sana mkuu. Hiyo ya kurasa za antivairasi ndiyo inayonitisha. Conficker, kirusi cha kompyuta cha mwaka 2008, ilikuwa na tabia hiyohiyo, inakuzibia njia ya kufikia dawa. Huenda mashine yako imeingizwa kwenye botineti, yaani kuna mtu huko mbali anaiamrisha pamoja na nyingine nyingi. Chomoa intaneti sasa hivi. Nywila zibadilishe kwenye kifaa kingine, ukianza na ya baruapepe na ya benki. Ukizibadilishia humohumo, unamkabidhi mwizi funguo mpya.

Mleta mada: Nimechomoa, nywila nabadilisha kwa simu. Niskani tena?

Mchangiaji 2: Skani ya ndani ya Windows usiitegemee, kirusi kikishaushika mfumo kinaweza kujificha. Microsoft Defender ina skani ya nje ya mtandao, inakagua kabla Windows haijaamka. Lakini nijibu kwanza: kuna programu uliyoweka ikakutaka uzime antivairasi?

Mleta mada: Ipo, ya kuhariri video. Ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni. Nikazima kweli.

Mchangiaji 2: Basi kiliingilia hapo. Mimi ningefuta diski yote na kusimika Windows upya, maana huwezi kujua kimeacha nini. Okoa nyaraka na picha, ila faili la kusimikia programu usibebe hata moja. Ukimaliza, sasisha kabla ya kitu kingine chochote. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu alilopitia Conficker, kilitoka Oktoba 2008, kirusi kikaonekana Novemba!

Mchangiaji 3: Na ruta jamani, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Kirusi Mirai, mwaka 2016, iliteka ruta na kamera kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Ukizima na kuwasha inafutika, lakini nywila ikibaki ileile inarudi.

Mleta mada: Nimefuta na kusimika upya. Ya ruta ilikuwa bado ya kiwandani, nimebadilisha. Kurasa za antivairasi sasa zinafunguka. Nawaandikia kampuni waikague laini. Asanteni mno.