Je, Wazigi wa Bahari Nyeusi ndio mababu wa Wacherkesi?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, wengi wetu tuliwasikia Wacherkesi, watu wa kaskazini-magharibi ya milima ya Kaukasi, kwa mara ya kwanza kupitia habari za Sayyida Salme wa Zanzibar, binti wa Sayyid Said, ambaye mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Nilipoifuatilia asili ya mama huyo nilikutana na Wazigi, kabila la kale la pwani ya kaskazini-mashariki ya Bahari Nyeusi. Je, upo ushahidi wa nasaba baina yao, au walipishana tu katika ardhi moja?

Msomaji wa Tarehe: Ndugu Mdadisi, Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeandika yapata miaka 2,000 iliyopita, anawaeleza Wazigi na jirani zao Waakei na Waheniokhi kuwa maharamia wenye mashua nyembamba za watu wapatao 25, ambazo walizibeba mabegani na kuzificha msituni kwa sababu hawakuwa na bandari. Maisha hayo hayathibitishi nasaba. Kinachonishawishi ni jina kudumu mahali pale pale: katika karne ya 2 mwandishi Mgiriki Arrian anamtaja mfalme wao, Stachemphax, aliyepewa ufalme na Kaizari Hadrian wa Roma, katika zama za kati pwani hiyo iliitwa Zikhia, na mwaka 1502 Giorgio Interiano wa Genoa aliandika kwamba watu walioitwa Wazigi kwa Kigiriki na Kilatini wenyewe hujiita Adige, jina ambalo Wacherkesi wanalitumia hadi leo.

Mwanaisimu: Hoja hiyo ni nzito, lakini tusiivushe mipaka yake. Wazigi wa kale tunawajua kupitia kalamu za wageni, na wageni huweza kuwapa wakazi wapya jina la wale waliowatangulia. Tena, miongoni mwa Wacherkesi wamo Wakabarda, wanaoishi mbali na bahari, kwa hiyo kabila moja la pwani haliwezi kubeba asili ya taifa zima. Kwa maoni yangu, Wazigi ni mzizi mmojawapo, pamoja na Wameoti na Wasindi, makabila ya kale ya upande wa mto Kuban. Inasikitisha kwamba wakazi wengi wa pwani yenyewe walifukuzwa na Urusi mwaka 1864 kuelekea Milki ya Osmani. Waliobaki karibu na bahari ni Washapsugh wachache, tawi la Wacherkesi, katika vijiji vya Tuapse na Sochi.