Kiduha kikishachanua, kukitupa mpakani ni kumpandia jirani

Wakuu, leo nina hasira. Jirani yangu kang'oa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, shamba zima, kimejaa maua ya zambarau na vitumba vya mbegu, akakirundika mpakani juu ya mtaro wa maji. Nilipomuuliza akanijibu, "Si nimeshapalilia?"

Hujapalilia, ndugu yangu! Mche mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, laini kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Mvua moja tu, zote ziko kwangu. Na usidhani kung'oa kumeziua. Vitumba vilivyokwisha kufunga mbegu vinaendelea kukomaa hapo hapo kwenye rundo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni huu ushauri wa "palilia kwa wakati" tunaopewa kila msimu, kana kwamba hili ni gugu kama mengine. Mbegu ya kiduha inalala mpaka ipate dalili ya strigolaktoni, kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele. Mmea unaitoa kuwaita kuvu wanaousaidia kupata fosforasi, na kiduha kinadukiza wito huo. Udongo ukichoka, mmea unaita zaidi, ndiyo maana shamba lisilo na rutuba ndilo linaloangamia. Kikiota kinajipachika kwenye mzizi, kinanyonya maji na chakula chini kwa chini kwa wiki kadhaa kabla hakijachomoza. Siku unapokiona, mahindi yamekwisha kudumaa. Jembe linafika matangani!

Marekani walipokigundua kiduha katika majimbo ya Carolina mwaka 1956 waliweka karantini, na baadaye wakawa wanaingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote bila mmea wa kunyonya, zife. Sisi tunaambiwa tuongeze bidii. Mbona hatuhimizwi kupanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde unaozuia kiduha, katikati ya mahindi, au kubadilisha na pamba na soya, ambazo nazo huziotesha mbegu hizo zikafa njaa? Mbona hakuna anayesema samadi ya ng'ombe aliyekula kiduha inarudisha mbegu shambani?

Ng'oeni kabla hakijachanua. Kikishachanua, kichomeni humo humo shambani mwenu.

Lile rundo bado lipo mpakani. Kesho alfajiri nalichoma, atake asitake, maana mawingu yameshatanda.