Kuzunguka vilele vya Mlima Kenya: kuingia Sirimon, kupita maziwa, kutokea Chogoria

Wanja_Kasarani

Habari zenu wadau. Tuko wanne, sote wa hapa Nairobi. Longonot tunaizunguka bila shida na Elephant Hill tumeshafika juu. Mwezi wa pili tunataka Mlima Kenya, lakini si kupanda kilele cha Lenana na kugeuza. Tunataka ile njia inayozunguka vilele vikuu, tupite maziwa madogo (tarn) ya Hausberg Tarn, Two Tarn na Hall Tarns, tumalizie Lake Michaelson na kushukia Chogoria. Kuna wanaosema mzunguko wenyewe ni kilomita kumi tu, siku moja inatosha. Je, ni kweli? Tuzunguke kuelekea upande gani, na tupange siku ngapi? Pia naomba ushauri wa chakula na gesi, maana wapagazi tutachukua wawili tu. Asanteni.

Mwamba_Baridi

Karibu dada. Kilomita kumi ni kweli, ila zisikudanganye. Ukijumlisha kupanda na kushuka kwake unapata zaidi ya mita 2,000, na karibu zote ziko juu ya mita 4,200. Huko, oksijeni unayovuta kwa kila pumzi ni kama asilimia 60 ya ile ya Mombasa. Aliyezoea hewa hiyo anaweza kuumaliza kwa siku moja. Aliyetoka Nairobi juzi akijaribu hivyo atamaliza akitapika, kama atamaliza.

Ugumu wa safari yenu ni kuujua mpangilio. Mkitokea Chogoria hamtafunga duara, kwa sababu kipande cha kati ya kambi ya Shipton's na Square Tarn, kinachopita Simba Col (col ni pengo la kuvukia kati ya vilele), kitabaki nje. Dawa yake ni kukitumia kipande hicho kama siku ya kuzoea hewa. Siku ya kwanza, lango la Sirimon (mita 2,650) hadi kambi ya Old Moses (3,300). Siku ya pili, Old Moses hadi Shipton's (4,200) kupitia bonde la Mackinder. Hii ni siku ndefu, tengeni saa saba au nane. Siku ya tatu msihame Shipton's: pandeni hadi Simba Col, kama mita 4,620, mpite Simba Tarn, chungulieni Square Tarn upande wa pili, kisha rudini mlale palepale. Mmepanda juu, mmelala chini, na duara mmelifunga bila kubeba mzigo.

Siku ya nne ndiyo yenyewe. Zungukeni kinyume cha mwendo wa saa: Shipton's, Hausberg Col, Hausberg Tarn na Oblong Tarn, Arthur's Seat, Two Tarn, kisha kambi ya Mackinder's (4,200). Mteremko wa kutoka Shipton's hadi Hausberg Col ni kokoto tupu na unatazama mashariki. Alfajiri kokoto zimeshikana kwa barafu na kiatu kinakaa. Jua likishazipiga zinalegea, na kila hatua mbili unarudishwa moja. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri muwe njiani. Ukifika juu mambo yanageuka: upande wa magharibi bado uko kivulini, mawe yana utando wa barafu, na hapo ndipo watu wanapoteleza kwa sababu wanadhani ugumu umekwisha. Fupisha fimbo unapopanda, zirefushe kabla ya kushuka. Mtu asisimame chini kabisa ya mwenzake. Shukeni kwa mshazari, kila mmoja kwenye mstari wake, kwani jiwe moja likianza safari haliiti jina la mtu.

Kutoka kwenye maziwa mawili ya Hausberg mtapanda tena karibu mita 300 hadi Arthur's Seat. Kipande hiki ndicho kinachowamaliza wengi, hasa wakikianza saa sita mchana ukungu ukishafika.

Siku ya tano, ondokeni Mackinder's saa nane usiku, pandeni hadi kibanda cha Austrian Hut (4,790), Lenana (4,985) alfajiri, rudini Austrian Hut, kisha kateni kupitia Tooth Col hadi Square Tarn na mshuke Hall Tarns. Siku ya sita, Lake Michaelson na Chogoria.

Daktari_wa_Porini

Mpango wa Mwamba ni mzuri, ila siku ya pili siikubali. Kutoka kulala 3,300 hadi kulala 4,200 ni mita 900 kwa mkupuo. Ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ongezeni usiku wa pili Old Moses, mchana mtembee hadi bonde la Liki North na kurudi. Safari iwe siku saba. Msipoweza, angalau laleni Liki North, kwenye kama mita 3,990, ingawa kibanda chake ni cha kujihifadhi tu.

Elephant Hill ni mazoezi mazuri ya magoti, lakini kupanda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo hakuuzoeshi mwili hewa ya mita 4,200.

Sasa la muhimu. Uamuzi wa siku ya nne ufanyieni juu ya Hausberg Col, si kwenye ziwa. Mkiwa juu, Shipton's iko mita 400 chini nyuma yenu. Mkishashuka upande wa pili mmeingia kwenye bakuli: kutoka ni kupanda tena, mbele au nyuma, na bonde lile halina njia inayotumika ya kushukia hadi barabarani. Mgonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka, na pale hakuna kushuka. Kwa hiyo mtu mwenye kichwa kinachouma baada ya kunywa maji na dawa ya maumivu, au anayesikia kichefuchefu, arudi na mwongozaji. Mpimeni kwa kumtembeza mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa, au akikohoa makohozi ya povu, ni mapafu. Yote mawili ni kushuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Kipimo cha kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muoneni daktari kwanza, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze mapema. Itawakojoza sana na vidole vitafanya ganzi. Hayo ya kawaida.

Mwamba_Baridi

Nakubali usiku wa pili Old Moses, kama siku wanazo. Wakiwa na sita tu, basi hiyo ya tatu ya Shipton's isiguswe kwa vyovyote.

Sufuria_Nyeusi

Nije jikoni. Kwenye mita 4,200 maji yanachemka kwa nyuzi 86 hivi. Yanatosha kuua vijidudu mkiyaacha yachemke dakika tatu, lakini maharagwe makavu hayaivi hata mkae hadi jioni. Githeri na ndengu vipikwe nyumbani viive kabisa, vikaushwe, kule ni kuloweka na kupasha. Mchele unaiva kwa shida, tambi afadhali, na ugali unawezekana mkiusonga kwa muda mrefu na moto mdogo. Chapati za Nairobi zinakaa siku tatu bila kuharibika kwa ile baridi. Bebeni pia vitu vya chumvi, kwani hamu ya vitamu hupotea juu kabla ya hamu nyingine.

Gesi: kwa watu wanne wanaopika kweli, hesabuni gramu 40 kwa mtu kwa siku. Siku sita ni gramu 960, yaani mitungi miwili ya gramu 450 na mmoja mdogo wa kujazia. Chakula cha wapagazi na mwongozaji kipigieni hesabu yake. Jihadharini na ile mikebe mirefu ya bei rahisi inayotumika kwenye jiko la mkoba: ndani ni butani tupu, na butani ikikaribia nyuzi sifuri inakataa kugeuka mvuke. Saa kumi alfajiri mtatikisa mkebe uliojaa na jiko halitawaka. Tafuteni yenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku mlale nayo ndani ya begi la kulalia pamoja na simu na betri. Kuni ni marufuku.

Maji msichote pembeni mwa kambi kwenye vijiziwa vilivyotuama. Panda juu ya kambi, chota yanayotiririka, na bado uyachemshe. Na usiku msiache hata ganda la ndizi nje ya hema. Pimbi wa Shipton's na Mackinder's hawaogopi mtu, watatafuna kitambaa cha hema kufuata harufu.

Wanja_Kasarani

Nimeelewa, tutaweka siku saba. Mbili za mwisho: Lake Michaelson tunaweza kuogelea? Na taratibu za kuingia lango moja na kutokea jingine zikoje?

Mwamba_Baridi

Kuogelea, hapana. Maji ya baridi namna ile yanakufanya uvute pumzi ghafla bila kutaka, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Tumbukizeni miguu, inatosha. Na mkiwa Hall Tarns, ziwa liko chini ya genge la karibu mita 300. Ukungu ukiwa mzito kaeni mbali na ukingo, picha zisubiri. Njia ya kushuka hadi ziwani ina mwinuko mkali na huteleza ikilowa.

Taratibu: KWS (shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi) hawaruhusu mtu kupanda peke yake, na malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, pesa taslimu hazipokelewi. Lipieni siku zote saba mapema, na pale Sirimon andikisheni kwamba mnatokea Chogoria. Risiti itunzwe, mtaulizwa mkitoka. Mahali pa kupiga hema upande wa Hall Tarns na ziwani thibitisheni palepale langoni.

Usafiri: panda matatu ya Nanyuki, kisha ya kuelekea Meru, shuka njia panda ya Sirimon, kama kilomita 15 baada ya Nanyuki. Hadi langoni ni karibu kilomita 10 nyingine, bodaboda zipo. Kwa Chogoria, gari la magurudumu yote manne likodisheni kabla hamjapanda mlima. Kutoka langoni hadi mjini Chogoria ni karibu kilomita 30 za msitu, na mvua ikinyesha, hata kama ni Februari, udongo ule mwekundu haupitiki kwa gari dogo. Mwambieni dereva asubiri langoni kuanzia saa tisa alasiri, si saa sita.