Mchango wa Wiki ya Chuo: lazima au hiari?

Cherehani Tatu
Ndugu zangu, niko mwaka wa pili ushonaji, chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi (FDC). Wiki ya Chuo inaanza Jumatatu ijayo: bonanza la mpira na netiboli, Alhamisi maonyesho ya kazi zetu, Ijumaa usiku burudani bwaloni. Tangazo limebandikwa tangu jana: kila mwanachuo alipe elfu kumi na tano, asiyelipa hapewi meza ya maonyesho. Hiyo ni haki? Muziki achangie anayetaka kucheza. Meza ndiyo inayotuletea wateja. Mwaka jana mama mmoja alishika pindo la sketi yangu, akaligeuza akaangalia mshono wa ndani, akaniagiza sare 12 za kwaya palepale.

Waya Mwekundu
Elfu kumi na tano tu ndiyo kilio chote hiki? Kuna spika za kukodi, mafuta ya jenereta, jezi. Chuo bila shamrashamra ni kambi. Wanaokwamisha ni kina mama wenye watoto. Kulipa hawalipi, na mwaka jana watoto walilia mpaka risala haikusikika. Safari hii wawaache nyumbani.

Mama Nuru
Nyumbani wapi? Nalala bwenini na mwanangu. Aliyelia siku ile ni wangu, alikuwa anaota meno. Nilimtoa nje, nikakaa naye chini ya mwembe mpaka wageni wakaondoka. Jina langu lilipoitwa kupokea zawadi ya netiboli nililisikia kupitia dirishani.

Waya Mwekundu
Sikukutaja wewe, dada.

Mzee wa Karakana
Hukumtaja, mwanangu, lakini umemchoma. Nimefundisha useremala FDC miaka 21. Hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, vyuo hivi vilikuwa moja ya milango michache iliyobaki wazi kwao. Leo unataka wafungiwe bwalo?

Msomi Daraja
Mzee, tusibadilishe historia. FDC zilianzishwa 1963 na watu wa Skandinavia, tena kwa ajili ya kilimo. Kulea watoto hakukuwemo. Na tuseme ukweli, hivi si vyuo vya waliofeli kidato cha nne?

Mzee wa Karakana
Hiyo 1963 ni Kibaha, mradi wa nchi za Nordic. FDC ni 1975, Mwalimu Nyerere alichukua mfano wa Sweden. Na vilikuwa vya watu wazima, wenye watoto wao!

Waya Mwekundu
Waliofeli?? We Msomi, nimeshafunga umeme nyumba nne tangu Januari, na hakuna fyuzi iliyokatika. Wewe taa ya chumbani kwako ikizima unamwita nani?

Msomi Daraja
Nimeuliza swali, mnapandisha hasira.

Mama Nuru
Hukuuliza, umetutukana. Mimi nilikuwa wa tatu darasani nilipoacha shule. Wa tatu kati ya wanafunzi 86.

Kisima
Poleni kina dada. Sisi chuoni kwetu chumba cha kulelea watoto kinabaki wazi mpaka sherehe iishe, na wanafunzi wa malezi wanapokezana zamu. Mwombeni matroni.

Mama Nuru
Chumba tunacho. Kinafungwa saa tisa na nusu, funguo anaondoka nazo mlezi. Burudani inaanza saa moja usiku.

Waya Mwekundu
Kama shida ni taa, waya nitavuta mimi kutoka bwaloni. Ila bado nasema kelele zilizidi.

Mama Nuru
Zilizidi, ndiyo. Ni mtoto. Na shida ni funguo, kaka, si taa.

Cherehani Tatu
Jamani, na habari ya meza? Mwisho wa kulipa ni kesho saa nane. Ninayo elfu sita, na vitambaa vya watu nimeshakata.

Mzee wa Karakana
Binti, nenda kwa mkufunzi wako asubuhi kabla ya vipindi, umwombe ulipe kidogokidogo. Usiende kwa serikali ya wanafunzi, wale watakuzungusha.

Kiranja Mstaafu
Mzee, hapo umetukosea. Nilikuwa mweka hazina mwaka jana na kila shilingi niliiandikia risiti.

Waya Mwekundu
Risiti zipi? Za jezi zile zilizochuja rangi siku ya kwanza?