Tupeane uzoefu: ulipoanza udereva wa lori kwenye kampuni, mgeni ulipewa gari gani?

Wakuu, habari za majukumu. Nimemaliza kozi ya magari makubwa pale Chuo cha Usafirishaji (NIT) Mabibo, leseni daraja E ninayo, na kampuni moja ya mizigo hapa Dar imenipokea kama deiwaka. Sina gari langu. Dereva mwenye gari akiumwa au akienda likizo, ndipo naitwa, na huwa ni usiku. Njia ni Dar–Tunduma. Nyie wenzangu mlianzaje?

Mdau wa Ilula
Karibu barabarani, mdogo wangu. Mgeni hupewa gari lililochoka, na hilo gari lililochoka ndilo litakalokushusha mteremko wa Kitonga. Kwa hiyo lijue ukiwa bado yadi. Washa, subiri upepo wa breki ujae, zima, kanyaga breki uishikilie, tazama geji. Sindano ikiendelea kushuka, kuna mahali panavuja. Usiondoke, hata bosi apige simu mara ngapi.
Mimi nilifundishwa na dereva niliyekuwa utingo wake: gia ya kupandia mlima ndiyo ya kushukia. Iweke kabla mteremko haujaanza, maana ukishakolea mwendo na mzigo mgongoni, gia nzito haiingii tena. Kuna watakaokwambia uachie nyutro ubane mafuta. Wakatae kabisa. Breki peke yake huchemka, ukikanyaga hukuti kitu, na pale Kitonga upande mmoja ni mwamba, mwingine ni korongo.

Mama Semi
Hifadhini Mikumi, mwendo wa 50 ni 50, usiku tembo hawaonekani mpaka umewafikia. Mengine utajifunza.

Wa Changamwe
Kwetu Mombasa mgeni hapelekwi mpakani Malaba moja kwa moja. Unaanza kuhamisha makontena kutoka bandarini hadi yadi za huku Changamwe na Miritini. Pesa ni kidogo, foleni zinachosha, lakini hapo ndipo nilipojua kurudi nyuma na trela mahali pembamba. Wenzangu walioruka hatua hiyo bado wanahangaika.

Mzee wa Mizani
Kijana, sikiliza suala la mzigo. Karatasi inaweza kuonyesha jumla iko ndani ya tani 56, halafu kwenye mizani ya Vigwaza ekseli moja (mhimili wa magurudumu) ikazidi kwa sababu mzigo umepangwa mbele. Simama wakati wa kupakia, usilale kwenye kabini.
Na kwa deiwaka hili ni kubwa zaidi: kabidhiana gari kwa maandishi. Spea tairi, jeki, turubai, mikanda ya kufungia, mafuta yaliyomo kwenye tenki, na picha ya kila tairi. Nilikokuwa mwanzo, turubai lilipotea kabla sijashika usukani, likakatwa kwenye posho yangu kwa sababu jina la mwisho daftarini lilikuwa langu. Mwenye gari akisema ana haraka, mwambie asaini kwanza.

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Kesho kutwa natoka na mbolea ya Makambako. Swali: dereva mwenye gari asipopatikana, nani asaini, mlinzi wa geti au fundi?

Mzee wa Mizani
Marahaba. Fundi akague, msimamizi wa yadi asaini. Nakala moja baki nayo.